Je, wajua? Simu hukuonyesha ulipo hata pasipo mtandao

Kwa miaka mingi niliamini kwamba simu ikikosa mtandao, ramani nayo imekufa. Siku moja nikipanda msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, mtandao ulipotea, nikaizima simu na kuitia mfukoni. Nilikosea, na wengi ninaopanda nao milima bado wanaamini vivyo hivyo.

Kosa linatokana na kuchanganya vitu viwili. Picha ya ramani, yenye barabara na mito, ndiyo inayokula bando. Nukta ya bluu inayokuonyesha ulipo haihitaji bando. Hiyo hutokana na setilaiti za GPS za Marekani, zinazozunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu. Simu haizitumii ujumbe wowote. Inasikiliza tu, kama redio ya betri inavyopokea matangazo bila mtangazaji kujua kwamba upo. Ndiyo maana simu nyingi za sasa huendelea kuonyesha nukta hata zikiwa katika hali ya ndege.

Umbali inaujuaje? Fikiria radi. Unauona mwanga, unahesabu moja, mbili, tatu, kisha ngurumo inafika: radi imepiga kama kilomita moja kutoka hapo, ila hujui ni upande gani. Zikipiga juu ya vilima vitatu unavyovijua, ukakizungushia kila kilima duara la umbali wake, pale maduara yote matatu yanapokutana ndipo uliposimama. Setilaiti nayo hutangaza iko wapi na mawimbi yake yameondoka saa ngapi, simu ikalinganisha na saa yalipofika.

Shida ni kwamba mawimbi hayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Saa ya simu ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, hesabu ya umbali inapotoka kwa mita 300, na unaweza kuonyeshwa ng'ambo ya bonde. Setilaiti zina saa za atomi, zilizo sahihi mno, simu haina. Kwa hiyo huhitajika setilaiti ya nne, ili kosa la saa ya simu lipatikane na kuondolewa. Hapo ndipo ninapostaajabu kila mara: kitu cha mfukoni kinaazima saa ya atomi kutoka angani, bila malipo.

Mtandao husaidia kuharakisha. Bila huo, simu iliyokaa siku nyingi bila kutumia GPS inaweza kuchukua dakika kadhaa kujipata, na chini ya miti mizito au korongoni nukta huyumba.

Basi katika kuchagua programu, cha kuuliza ni kama ramani yenyewe imo ndani ya simu. OsmAnd na Organic Maps hukuruhusu kupakua eneo zima kutoka OpenStreetMap, mradi wa ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, ulioanza mwaka 2004, ingawa kijia kitaonekana tu kama kuna mtu aliyekichora. Google Maps nayo hupakua eneo, lakini bila mtandao haikupi maelekezo ya kwenda kwa miguu.

Kabla ya kuondoka nyumbani, weka simu katika hali ya ndege, ufungue ramani na kuukuza mlima unaoendea. Ukiona vijia na mistari ya mwinuko, imo. Ukiona ukurasa mtupu, bado hujaipakua.