Viazi karai vya Lamu si adui wa tumbo

Wageni wengi wanaofikia hoteli za Lamu huonywa wasile nje: ati viazi karai na mishkaki ya njiani vitawaharibu tumbo, bora wale hotelini tu. Si kweli. Kinachoamua ni joto, muda na maji, wala si kitambaa cha meza.

Kiazi kilichochovywa kwenye unga na kutumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka, ukakila papo hapo kikikuunguza vidole, hakiwapi vijidudu nafasi. Wa kuogopwa ni wali wa nazi ulioachwa wazi tangu adhuhuri hadi jioni, hata katika hoteli ya fahari. Kuna vijidudu vya wali ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa; wali ukipoa polepole, vijidudu hivyo huzaana na kutoa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2.

Kwenye viazi karai, mimi ningeiangalia kwanza chatini, ile rojo ya kuchovyea, maana mara nyingi haipikwi. Juisi ya ukwaju nayo hutegemea maji yake. Uliza kama yamechemshwa. Kuuliza si utovu wa adabu.