Sheria ya Mungu, Sheria ya Bunge na Mjane wa Mwaloni

Kila tunapopeleka elimu ya sheria kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, swali hili hutokea kwenye magunia ya dagaa: sheria ya Mungu na sheria ya Bunge, ipi iko juu? Kwa muumini jibu liko moyoni, nami simbishii. Ibara ya 19 ya Katiba inamlinda. Mahakamani kinachoulizwa ni kingine: ni sheria ipi dola itaisimamia? Ibara ya 64(5) inasema sheria nyingine ikikiuka Katiba, ni batili kwa kadiri inavyoikiuka.

Watu wakisikia hivyo hudhani dini imetupwa nje. Haijatupwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za bomani. Inachofanya ni kuweka utaratibu. Mume wa Kiislamu akimwandikia mkewe talaka leo, mbele ya dola bado ni mume na mke hadi mahakama itamke. Kwa kawaida shauri hupita kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza likithibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha, kisha mmoja wao akafanya jambo linalovunja ndoa Kiislamu, kifungu cha 107(3) kinaitaka mahakama itoe talaka. Nayo Qurani, Suratun-Nisaa aya ya 35, inataka kwanza waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Suluhu kwanza, huku na huku.

Kinachoniumiza ni mirathi. Mume anafariki, hata arobaini haijafika, mashemeji wanachukua mtumbwi, injini na nyavu, wakimwambia mjane, "Dini haikupi kitu." Si kweli! Aya ya 12 ya sura hiyo hiyo inampa mke robo kama marehemu hakuacha mtoto, na thumni, yaani moja ya nane, kama ameacha, baada ya wasia na madeni. Wake wakiwa wengi, wanagawana fungu hilo. Sheria ya dini haikumsahau. Linalomwacha mikono mitupu ni tangazo la sheria za mila, namba 436 la 1963, linalosema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba atatunzwa na watoto wake. Mila inavishwa kanzu ya dini, na mjane anayemcha Mungu ananyamaza akidhani kudai haki yake ni dhambi.

Zanzibar ina Mahakama za Kadhi zenye mamlaka ya dola. Huku Bara kadhi hushauri na kusuluhisha, lakini hukumu yake haikaziwi na dola. Ndiyo maana nakwambia, mama yangu, shehe akishakupigia hesabu ya mafungu, usikae nyumbani na karatasi hiyo. Mirathi ya Muislamu inaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo na ikagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, pale maisha ya marehemu yanapoonyesha aliifuata.

Nenda na cheti cha kifo na cha ndoa, pamoja na muhtasari wa kikao cha familia kama kimefanyika. Kikao kikikataa kukaa, nenda hivyo hivyo ukaeleze. Na shemeji akiteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, ujue amepewa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Mtumbwi haujawa wake.