Chavua Ikitua, Kazi Bado

Wengi huamini kwamba nyuki akishatua kwenye ua, ua limetungishwa. Sivyo. Chavua kulifikia ua ni uchavushaji tu. Utungisho, yaani mbegu ya kiume iliyomo kwenye chavua kuungana na kijiyai cha ua, ni hatua nyingine, na kati ya hizo mbili mengi huharibika. Tazama mahindi, ambayo hata nyuki hayamtegemei maana chavua yake hupeperushwa na upepo. Kila uzi wa zile ndevu umeungana na kijiyai kimoja, yaani punje moja mtarajiwa. Chembe ya chavua ikinasa kwenye uzi huota kijimrija, nacho hushuka ndani ya uzi hadi kwenye kijiyai. Kisipofika, pale pale kwenye gunzi pana pengo. Ukimenya hindi lenye mapengo, hiyo mara nyingi ndiyo habari yake.

Wengine hudhani kiumbe chenye jinsia zote mbili hakimhitaji mwenzake. Maharage hujichavusha, kweli. Lakini nyungunyungu, dume na jike katika mwili mmoja, kwa kawaida hutafuta mwenziwe wabadilishane mbegu za kiume.

Ipo pia hofu kwamba boga likichavushwa na boga la aina nyingine, utamu wake hubadilika msimu uo huo. Nyama ya boga ni ya mmea mama. Mchanganyiko umo ndani ya mbegu, na utauona ukizipanda. (Mahindi ndiyo huwachanganya watu hapa: punje yenyewe ni mtoto, hivyo mahindi meupe yakipata chavua ya manjano hutoa punje za manjano hapo hapo.)

Mawazo nayo huchavushana, na huko kosa ni lile lile la kwanza: kwamba ukiwakusanya wataalamu chumba kimoja, fikra zitazaana zenyewe. Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza jinsi sifa zinavyorithiwa, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere mwaka 1866, na nakala zikasambaa Ulaya. Chavua ilitua. Haikuota hadi mwaka 1900, yeye akiwa amefariki miaka 16 kabla, wakati wataalamu wa mimea de Vries, Correns na Tschermak walipoyafufua matokeo yake.

Na si lazima mawazo yatoke kwa mtu wa fani yako. Mimi naona ya mbali ndiyo yenye nguvu. Mwaka 1838 mwanasayansi wa viumbe Charles Darwin alisoma andiko la mwanauchumi Malthus kuhusu ongezeko la watu na uhaba wa chakula, akapata humo ufunguo wa uteuzi asilia, yaani wazo kwamba viumbe wanaofaa zaidi mazingira yao ndio huishi na kuzaa zaidi. Alfred Russel Wallace, mwanasayansi mwenzake, naye alifika huko huko kwa msaada wa Malthus yule yule.

Wala kupeana si lazima kuwe kwa pande zote mbili. Mendel alimsoma Darwin kwa tafsiri ya Kijerumani, akaacha alama za penseli kurasani. Hakuna ushahidi kwamba Darwin alimsoma Mendel.