Tovuti Si ya Makampuni Makubwa Peke Yake

Kwa miaka mingi wafanyabiashara wadogo wa Mwanza wameaminishwa kwamba tovuti ni jambo la viwanda vya minofu na hoteli kubwa, na kwamba mwenye kibanda cha dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, anatoshelezwa na kundi la WhatsApp. Dhana hiyo si sahihi, ingawa naelewa ilikotoka, kwa kuwa zamani kutengeneza tovuti kulihitaji fundi na fedha nyingi.

Ujumbe wa WhatsApp humfikia yule tu ambaye tayari mna mawasiliano. Mnunuzi wa Lubumbashi au Kigali anayetafuta dagaa wakavu kwa gunia hakujui. Yeye huandika maneno machache kwenye Google, nayo humwonyesha kurasa zilizo wazi kwa umma, si mazungumzo ya kundi lililofungwa. Ukurasa mmoja unaoeleza aina ya dagaa, namna walivyokaushwa, uzito wa gunia na njia ya kusafirisha humjibu hata usiku wa manane, wewe ukiwa umelala.

Lipo pia suala la umiliki, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita, na aliyetegemea mitandao hiyo pekee hakuwa na mahali pa kupokelea oda mtandaoni. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yako, linaloishia na .co.tz husajiliwa kwa jina lako, na maadamu unalipia ada yake, unaweza kulihamishia kwa mtoa huduma mwingine bila wateja kupotea njia.