Ripoti ya utendaji wa kimkakati katika shirika la watoto: maana yake

Ripoti ya utendaji wa kimkakati ni taarifa inayoandaliwa kila kipindi, mara nyingi kila robo mwaka, kuonyesha kama shirika linakaribia kule lilikosema linakwenda. Shirika la watoto huwa na mpango mkakati wa miaka kadhaa, na mpango huo ni ahadi: watoto wasiojua kusoma watasoma, wenye utapiamlo watapona, walio kwenye makao watarudi kwenye familia. Ripoti huirudisha ahadi hiyo mezani, mbele ya wakurugenzi na bodi ya wadhamini. Tumefika wapi? Kwa nini tupo hapa? Tubadilishe nini?

Wengi huichanganya na ripoti ya shughuli. Ripoti ya shughuli inasema semina 40 zimefanyika na madaftari yamegawiwa. Ni sawa, kazi imefanyika na fedha zimetumika. Lakini mtoto anaweza kugawiwa daftari na bado asijue kusoma sentensi moja. Watu wa ufuatiliaji na tathmini huzipanga hatua hizi kwa mnyororo: pembejeo (fedha na vifaa), shughuli, mazao (kilichotolewa moja kwa moja), matokeo (kilichobadilika kwa mtoto), athari (mabadiliko ya muda mrefu). Daftari liko kwenye mazao. Kusoma kuko kwenye matokeo, na huko ndiko ripoti ya kimkakati inakotazama.

Mfano mmoja nitauchambua kwa undani, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu kinachofanya kazi hii iwe ngumu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe wenye rangi. Ukisoma chini ya milimita 115, yaani kwenye nyekundu, ana utapiamlo mkali na anatakiwa aanze matibabu. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada ya dharura, vinataka kwamba kati ya watoto wanaotoka kwenye matibabu hayo, waliopona wazidi asilimia 75, waliofariki wawe chini ya asilimia 10, na walioacha matibabu njiani wawe chini ya asilimia 15.

Tuseme robo hii wametoka watoto 200. Waliopona ni 164, waliofariki ni 4, walioacha njiani ni 32. Waliopona ni asilimia 82: kijani, yaani kiwango kimefikiwa. Waliofariki ni asilimia 2: kijani. Walioacha ni asilimia 16: nyekundu, yaani kiwango hakijafikiwa. Sasa mtu mwenye haraka, au mwenye hofu ya mfadhili, akiwaondoa wale 32 kwenye hesabu kwa kuwa "hatujui waliishia wapi", anagawanya 164 kwa 168 na kupata karibu asilimia 98. Hajadanganya idadi ya waliopona hata kidogo. Amebadilisha tu namba ya chini ya sehemu, ile tunayogawanyia, na watoto 32 wamefutika kwenye ukurasa.

Ndiyo maana mimi nikipewa ripoti yoyote ya watoto, huanza na namba ya chini. Asilimia 82 ya nani? Wamehesabiwa mara ngapi? Mtoto aliyehudhuria kliniki, darasa na kikundi cha michezo anaweza kuingia mara tatu kwenye jumla ya "waliofikiwa", kila mradi ukimdai wake. Tena kuna wale ambao hawakuletwa kabisa, ambao namba ya chini haiwajui. Kwa hao, kipo kiashiria kingine kinachoitwa ufikiaji: kati ya wote wanaohitaji matibabu katika eneo, wangapi wanayapata? Sphere hutaka wazidi asilimia 50 vijijini, 70 mijini na 90 kambini. Kliniki inaweza kuponya karibu kila anayeingia huku nusu ya wagonjwa wakiwa nyumbani.

Rangi nyekundu ikishaonekana, kazi ya mwandishi wa ripoti ndiyo imeanza. Anawapigia walio kwenye eneo kabla ya kuandika sababu. Je, mama wanatembea mbali kila wiki? Je, siku ya kliniki inagongana na siku ya kibarua? Majibu hayo hubadilisha uamuzi: kufungua kituo cha karibu ni gharama, kuhamisha siku ya kliniki hakuna gharama kubwa. Bodi haihitaji kurasa 60 kwa hilo. Inahitaji viashiria vichache, takwimu za mwanzo za kulinganishia, shabaha, mwelekeo wa robo kadhaa, na aya fupi ya ukweli.

Watoto wenyewe pia wana nafasi humo. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu. Wa miaka miwili hawezi kueleza kwa nini aliacha matibabu, lakini wa miaka kumi anaweza kukwambia kwa nini haji tena darasani, na jibu lake liandikwe kando ya asilimia ya mahudhurio. Majina na picha zake vibaki nje ya ripoti.

Robo inayofuata, ukurasa wa kwanza uanze na uamuzi uliopita: siku ya kliniki ilihamishwa lini, na wale walioacha njiani sasa ni wangapi kati ya wangapi.