Kabla Hujamwambia Fundi Akuongezee Nguvu ya Gari

"Ukifunga hii, bosi, gari inakuwa nyepesi na mafuta inapunguza." Maneno haya yanasemwa gereji karibu kila siku. Mara nyingi "hii" ni ea klina ya wazi yenye umbo la koni, bomba pana la eksozi, au kontroli boksi (kompyuta ya injini) iliyoprogramiwa upya. Nusu ya kwanza ya ahadi huenda ikawa kweli. Nusu ya pili ndiyo inayotuletea watu kwenye karakana ya chuo miezi michache baadaye, wakiuliza mbona tangi haliendi mbali kama zamani.

Tuanze na hesabu. Chukua Toyota IST ya lita 1.5 yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo utaikuta pia kwenye Probox nyingi. Kiwanda kinasema inatoa nguvu farasi 109, lakini zote zinapatikana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika na pedeli ikiwa imegusa sakafu. Ukitembea spidi 80 kwenye barabara tambarare, gari dogo kama hilo linahitaji farasi 15 hivi kusukuma hewa iliyo mbele yake na kushinda ukinzani wa tairi. AC ikiwaka, ongeza chache. Zilizobaki hazina kazi mpaka utake kulipita lori au uanze kupanda Kitonga.

Vifaa vingi vinavyouzwa kwa jina la kuongeza nguvu vinawahusu farasi hao wasio na kazi. Ea klina ya wazi na eksozi pana zinarahisisha upumuaji wa injini pale inapovuta hewa yote inayoweza kuvuta. Kwenye safari ya kawaida injini haijafika huko. Kinachoibana ni kilango cha hewa, throto, ambacho mguu wako umekifungua kidogo tu kwa sababu huhitaji zaidi ya hapo. Ukipanua njia kabla ya kilango na baada yake huku chenyewe kimefungwa nusu, hujabadilisha kitu cha maana.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2009, maabara ya taifa ya Oak Ridge huko Marekani ilichapisha matokeo ya vipimo vya magari ya kisasa ambayo ea klina zake zilizibwa makusudi. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha kuhesabika. Kilichoshuka ni uwezo wa gari kuchanganya, yaani kuongeza kasi haraka. Sababu ni sensa. Injini ya petroli inataka uzito wa hewa mara 14.7 ya uzito wa mafuta, na kompyuta inausimamia uwiano huo kila sekunde kwa kusoma sensa ya oksijeni kwenye eksozi. Hewa ikipungua, nozeli zinazonyunyiza mafuta nazo zinapunguza. Magari ya kabureta hayakuwa na msimamizi huyu, na ndiko ilikotoka imani kwamba ea klina chafu inakula mafuta. Zamani ilikuwa kweli.

Hii isikufanye uache kubadilisha ea klina. Kwenye barabara zetu za vumbi kazi yake kubwa ni kuzuia mchanga laini usifike kwenye silinda. Koni nyingi za bei rahisi zinapitisha hewa vizuri kwa sababu zinapitisha na vumbi pia. Pistoni na ringi zikishakwaruzika, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inashuka, na hapo gari linakula mafuta na oili kwa pamoja. Koni zile za kupakwa oili zina balaa jingine: oili ikizidi inaganda kwenye sensa inayopima hewa inayoingia, na kompyuta inaanza kufanya hesabu kwa namba za uongo.

Halafu kuna mguu. Ukikanyaga pedeli mpaka mwisho, kompyuta inaacha ule uwiano wa 14.7 na kumwaga mafuta zaidi, kwenye 12.5 kwa 1 hivi, ili kupata nguvu na kupoza vyumba vya kuchomea. Eksozi yenye mlio mzuri inamfanya dereva, hasa kijana, apende kukanyaga. Nina hakika sehemu kubwa ya lita zinazopotea baada ya "kutengeneza" gari zinapitia kwenye kiatu cha dereva, na hakuna mashine ya gereji itakayoliona tatizo hilo.

Kutoa masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi, ni hadithi fupi. Kwenye gari la kawaida faida yake kwa mafuta ni ndogo mno, taa ya injini itawaka kwa sababu sensa ya nyuma haioni tena kazi ikifanyika, na moshi wenye sumu unaenda moja kwa moja kwa wanaotembea kwa miguu. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye soko. Fundi akikutolea bure, jiulize yeye anapata nini.

Badiliko linalonikera kuliko yote halihesabiwi hata kama badiliko. Ni kung'oa themostati. "Nchi yetu ya joto, hii waliweka kwa ajili ya baridi ya Ulaya," ndivyo mteja anavyoambiwa, na kifaa kinatupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Themostati inayazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, na kwenye Toyota nyingi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo, maji yanazunguka tangu unapowasha. Chomeka mashine ya kupimia kwenye gari la namna hiyo baada ya kutembea barabara kuu asubuhi, na utaona joto la maji linacheza kwenye nyuzi sitini na kitu, likipanda kidogo kwenye foleni na kushuka tena ukishika spidi. Njombe, mwezi wa saba, hali ni mbaya zaidi.

Kompyuta ikiona namba hiyo inaamini injini bado inapata moto, kwa hiyo inaongeza mafuta kama inavyofanya ukiwasha alfajiri, isipokuwa sasa inafanya hivyo safari nzima. Oili inabaki nzito. Kwenye gari la otomatiki, gia boksi nayo inasubiri joto kabla ya kuruhusu gia ya juu kabisa, kwa hiyo injini inazunguka haraka kuliko inavyohitajika. Mwenye gari anabadilisha plagi, anasafisha nozeli, ananunua sensa ya oksijeni, na tatizo liko palepale. Kama gari lilikuwa linachemsha ndipo themostati ikatolewa, tatizo lilikuwa rejeta, feni au gasketi, na bado lipo likisubiri.

Tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini, ina majibu mawili. Tabo iliyobuniwa pamoja na injini yake inaweza kupunguza ulaji, kwa sababu kiwanda kinaweka injini ndogo mahali pa kubwa, 1.4 TSI ya Volkswagen ni mfano. Tabo ya kufungwa gereji ni kitu kingine. Ili injini isigonge, yaani mafuta yasijilipukie yenyewe ndani ya silinda, inapaswa kupunguziwa kompresheni, na kompresheni ikishuka injini inapata kazi pungufu kutoka kila tone, hata pale tabo inapokuwa imetulia. Unalipia farasi usiowatumia kila kilomita. Kitu ninachokubaliana nacho ni milima: Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, presha ya hewa imeshuka kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, na injini ya kawaida inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Tabo inairudisha. Lakini hiyo ni nguvu, mafuta ni hesabu nyingine.

Upande wa dizeli, wenye Hilux na Prado wanauziwa kiboksi kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa sensa ya presha ya mafuta. Kinaidanganya kompyuta kwamba presha iko chini, nayo inaipandisha. Nozeli zinafunguka muda uleule lakini zinatema mafuta mengi zaidi. Gari linachanganya kweli, hilo sibishi, na dereva anayetumia nguvu hiyo kubadili gia mapema anaweza hata kuokoa kidogo. Tatizo ni namba ya kilomita kwa lita kwenye dashibodi. Namba hiyo haipimi mafuta, inakokotolewa kutokana na kiasi ambacho kompyuta inaamini imeagiza, na kompyuta imedanganywa. Ndiyo maana watu wanapiga picha dashibodi na kutuma kwenye magrupu wakifurahi kwamba gari limepunguza kunywa. Moshi mweusi unaotoka nyuma ni mafuta waliyoyalipia.

Kuhusu oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili bila kugonga, fungua kifuniko cha tangi. Subaru nyingi za tabo kutoka Japani zina kibandiko cha Kijapani kinachosomeka "haioku", yaani zilitengenezewa petroli ya oktani ya juu, ambayo huko kwao ni takriban 100. Ukizipa ya chini, sensa inayosikiliza injini ikigonga inafanya taimingi ya cheche irudishwe nyuma, nguvu inashuka na ulaji unapanda. IST haina haja hiyo, na kuinywesha petroli ya bei ya juu hakuongezi chochote.

Ukitaka kujua ukweli wa badiliko lolote, pima mwenyewe. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze. Tembea kilomita 400 au zaidi kwenye njia zako za kawaida, rudi kwenye pampu ileile, jaza vilevile, kisha ugawanye kilomita kwa lita. Rudia kabla na baada ya kufunga kifaa, ukiwa na upepo uleule kwenye tairi.

Kama ulibadilisha na tairi, hesabu ina mtego. Hilux iliyotoka kwenye 265/65R17 ikavalishwa 285/70R17 ina tairi lenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 7. Dashibodi ikisoma kilomita 400, umetembea 428. Tairi hizo ni nzito na zinakula zaidi kweli, ila si kwa kiasi kile ambacho dashibodi inakuonyesha. Pima umbali kwa GPS ya simu kwanza, ndipo ugawanye.