Je, wajua kwa nini heliamu haigandi hata kwenye baridi ya mwisho?

Tarehe 10 Julai 1908, mjini Leiden, Uholanzi, mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes aliigeuza gesi ya heliamu kuwa kiowevu kwenye nyuzi 269 hivi chini ya sifuri. Aliendelea kuipoza akitaraji ingeganda, lakini alifariki Februari 1926 bila kuiona imeganda. Miezi michache baadaye mwanafizikia Willem Keesom alifaulu hapohapo Leiden, si kwa kuongeza baridi, bali kwa kuikandamiza. Kwa kawaida huhitajika kanieneo ya takriban mara 25 ya ile ya hewa ituzungukayo.

Ili kitu kigande, sharti kila atomu itulie mahali pake. Sheria za fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno kama atomu, hata hivyo, haziruhusu chembe iwe na mahali mahususi na wakati huohuo itulie kabisa, kwa hiyo hata kwenye sifuri halisi, yaani nyuzi 273.15 chini ya sifuri, hubaki mtikisiko usioweza kuondolewa. Atomu za heliamu ni nyepesi na huvutana kwa unyonge mno, hivyo mtikisiko huo unatosha kuzizuia zisishikamane.

Hapo ndipo penye utata. Mwaka 1906 mwanasayansi Walther Nernst alitoa kanuni ambayo leo husemwa hivi: kadiri sifuri halisi inavyokaribia, entropia hukaribia kutoweka. Wengi huieleza entropia kuwa ni fujo tu, maelezo ambayo hapa yanapotosha, kwa kuwa kiowevu kinaonekana kuwa na fujo kuliko kitu kilichoganda, na hivyo ingeonekana heliamu isiyoganda inaivunja kanuni hiyo. Kinachohesabiwa hasa ni idadi ya hali ambazo chembe zote kwa pamoja zinaweza kuwamo bila sura ya nje kubadilika, na heliamu ikipoa sana, kiowevu chote huelekea kwenye hali moja tu ya kikwanta.

Dalili huonekana kwa macho. Heliamu inayotokota, ikipozwa hadi kelvini 2.17, yaani nyuzi 2.17 juu ya sifuri halisi, hunyamaza ghafla bila povu hata moja; ikiwekwa kikombeni, utando mwembamba hupanda ukutani, huvuka ukingo, kisha hudondoka chini ya kitako. Chini ya kelvini 1, kanieneo ya kuigandisha karibu haibadiliki tena hata baridi ikizidi, kwa sababu entropia ya kiowevu na ya barafu yake zimekuwa karibu sawa.